Koti Lililojifunga Lenyewe

Wako watu ambao wakimwona mtoto anahangaika na kifungo, vidole vyao wenyewe huwawasha. Fundi alikuwa mmoja wao, tena wa mstari wa mbele. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa ameketi nyuma ya cherehani katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi kuelekea barabarani, na katika miaka hiyo hapakuwa na kitambaa kilichomshinda. Aliweza kutia uzi kwenye sindano huku akibishana na mteja, macho yake yakiwa kwa mteja. Halafu akajaliwa mtoto mmoja tu, wa kike, na mtoto huyo akafika miaka minane bila kujua kufunga kifungo.

Kama ingekuwa kifungo tu! Mtoto akipita mahali, kitu kinaanguka. Akiketi, utadhani kiti kina miiba. Akisimama, bega lake linakwenda kuupiga mlango ambao haujamkosea lolote. Akitumwa mkasi, njiani anakutana na mambo matatu ya kufurahisha, anarudi na rula. Daftarini herufi zake zilipanda na kushuka bila kufuata mstari, na mpira ukirushwa kwake aliukumbatia ukiwa umeshampita zamani. Baba yake alimbandika jina la Kumbakumba, kwa utani na kwa mapenzi, na mtaa mzima ukalidaka. Yeye mwenyewe aliitika akicheka. Baadaye sana Fundi alikuja kujiuliza kama kile kicheko kilikuwa cha kweli, na hakuthubutu kumuuliza mwenyewe.

Mama mtu ndiye aliyekataa kuambiwa kwamba mtoto atakua na yataisha. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, mwanamke wa maneno machache, asiyependa kuzungushwa. Alimpeleka mtoto hospitali akapimwa macho, masikio na mengineyo, mpaka wakamwambia kwamba mtoto haumwi. Ana shida ya kutuliza akili mahali pamoja, na mwili wake haujapatana vizuri na mikono na miguu yake. Yapo mazoezi ya kumsaidia, wakasema, ila watoto ni wengi na nafasi ni chache. Wakaandikishwa kwenye orodha. Walisubiri mwaka mmoja na miezi minne. Siku ilipopigwa simu kwamba nafasi imepatikana, mama aliketi sakafuni jikoni akalia, na Fundi, ambaye hakuzoea kumwona akilia, alihangaika akamletea maji ya kunywa katika kikombe cha kupimia sabuni.

Mazoezi yalikuwa kila Jumamosi asubuhi, katika ukumbi mrefu nyuma ya hospitali. Sakafuni palibandikwa utepe wa rangi: mistari iliyonyooka, mistari ya kona, duara za kurukia. Palikuwa na benchi jembamba la kutembea juu yake, ngazi iliyopigiliwa ukutani, magodoro, mifuko midogo ya mchanga, na mipira ya kila ukubwa, mmoja ukimpita mtoto kimo. Aliyeongoza ukumbi huo alikuwa mwanamke mnene kidogo mwenye filimbi shingoni ambayo hakuna aliyewahi kumsikia akiipuliza. Fundi alimwita daktari, akasahihishwa mara tatu kwamba yeye si daktari, ni mtaalamu wa mazoezi. Watoto walimwita Shangazi Mpira, na kwa jina hilo aliitika upesi zaidi.

"Tunaanza na kazi nzito," aliwaeleza siku ya kwanza. "Kusukuma, kubeba, kutambaa, kupanda. Mwili ukichoka vizuri, kichwa kinatulia. Kichwa kikitulia, ndipo vidole vinasikia. Vidole ni vya mwisho. Msianze na vidole, mtagombana bure."

Kisha akawapa karatasi. Ilikuwa na miraba, kila siku na mraba wake, kwa wiki kumi na mbili. Nyumbani, kila asubuhi kabla ya shule, mtoto atasukuma ukuta mara ishirini, atatembea kwa mikono na miguu kama dubu kutoka mlango hadi mlango, atapita juu ya mstari kisigino kikigusa kidole, atarusha mfuko wa mchanga mkono kwa mkono huku akihesabu kurudi nyuma. Mwisho kabisa atavaa koti lake la shule na kufunga vifungo vyote vitano mwenyewe. Akimaliza, mzazi anaweka alama ya vema kwenye mraba wa siku hiyo.

"Vifungo hata vikichukua robo saa, mwacheni," alisema. "Msimsaidie. Ukimsaidia unamwibia."

Fundi aliitikia kwa kichwa, na wakati huohuo mkono wake ulikuwa unamfunga Kumbakumba kamba ya kiatu.

Wiki tano za mwanzo mama ndiye aliyesimamia. Alikuwa na subira ya mtu anayengoja unga uumuke. Aliketi sakafuni, mikono mapajani, akatazama vile vidole vidogo vikikosa tundu, vikikosa tena. Mwisho wa wiki ya tano Kumbakumba alifunga kifungo cha juu, kimoja, kwa dakika sita, akakimbia hadi barabarani kuwaonyesha wapita njia. Siku hiyo hata Fundi alisimamisha cherehani akapiga makofi.

Halafu kiwandani wakambadilishia mama zamu. Akawa anatoka nyumbani kabla hapajapambazuka, na asubuhi ikaangukia mikononi mwa Fundi. Ikaangukia vibaya pia, kwa sababu shule kadhaa zilikuwa zimebadilisha sare na chumba cha mbele kilijaa sare zilizokatwa zikingoja kushonwa, wazazi wa watu wakichungulia mlangoni kila dakika: Fundi, ya kwetu tayari? Siku mbili za kwanza alijikaza. Siku ya tatu alimwangalia mtoto anatembea kama dubu, anakuta kipande cha chaki chini ya meza, anasahau kwamba yeye ni dubu, anaanza kuchora; na yeye Fundi akahisi kila dakika inamchoma mwilini.

"Lete, lete, tunachelewa," alisema.

Mtoto akasimama mbele yake, akainua kidevu, akatanua viwiko, na vifungo vitano vikafungwa kabla hajavuta pumzi mara mbili. Fundi akachukua kalamu akaweka alama ya vema. Kesho yake ikawa hivyohivyo. Kesho kutwa ule mwendo wa dubu ukafupishwa, kisha ukaachwa. Ikafika Jumapili moja akajaza miraba ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja, na ili isionekane hivyo akabadilisha kalamu, mraba huu bluu, ule nyeusi, mmoja akaupindisha kama mtu aliyeandika amesimama. Fundi ni fundi, hata katika uongo.

Mke wake akirudi jioni aliuliza, "Leo mmefanya?"

"Tumefanya," Fundi alijibu, na Kumbakumba, aliyekuwa palepale, hakusema kitu. Fundi alikiona kile kimya. Alikiona, akakipita.

Sasa ikatokea kwamba shuleni mtoto alivua koti mchana, akashindwa kulifunga tena, akarudi nyumbani koti wazi siku nne mfululizo. Mwalimu akaandika barua ya mistari miwili kwamba mtoto aje nadhifu kama wenzake. Barua ile ilimuuma Fundi kuliko alivyoonyesha. Mtoto wa fundi cherehani, jamani, kuambiwa hajui kuvaa! Alilala nayo, akaamka nayo, na kufika saa nne asubuhi alikuwa amepata dawa.

Alikuwa anatengeneza mikoba pia, ile ya akina mama inayofungwa kwa sumaku, na kwenye droo alikuwa na sumaku ndogo bapa za kutosha. Koti siku hiyo lilikuwa limebaki nyumbani. Alilifumua upande wa mbele. Aling'oa kila kifungo, mahali pake akaficha sumaku, na nyuma ya kila tundu nyingine. Matundu yenyewe akayaziba kwa uzi wa rangi ileile, na kila kifungo akakishonea juu ya tundu lake lililozibwa, kikae kama kilichofungwa. Alifanya kazi hiyo mchana mzima, ameweka kando sare za watu, na ilipokamilika alilining'iniza akalitazama akiwa amekunja mikono. Hata fundi mwenzake ingembidi alishike ndipo ajue.

Kumbakumba alilivaa. Pande mbili zilipokaribiana, koti likajifunga lenyewe, tap, tap, tap, kuanzia juu hadi chini. Mtoto alicheka mpaka akaketi sakafuni.

"Baba, lina uchawi!"

"Lina baba," Fundi alisema, naye anacheka. Halafu akapiga goti. "Sikiliza. Ukilifunga mbele za watu, pitisha vidole hapa, kifungo kwa kifungo, polepole, kama unafunga. Watu wasijue."

"Watu gani?"

"Watu tu."

Akamfundisha. Namna ya kubana kidole gumba na cha shahada, namna ya kuinamisha kichwa kidogo kana kwamba unatazama tundu. Ajabu, hilo mtoto alilishika kwa siku moja. Fundi hakukaa kujiuliza kwa nini alikuwa na nusu saa nzima ya kumfundisha kujifanya, na hakuwa na robo saa ya kumngoja afunge.

Wiki ya kumi na mbili ilikuwa ya kipimo. Utaratibu wa pale ukumbini ulijulikana na wazazi wote: mtoto anapimwa mizani ya mwili, yaani kusimama bila kuyumba, anapimwa mpira, anapimwa mikono. Akifikia alama kwenye yote matatu, anaachia nafasi mwingine aingie. Likimshinda hata moja, anaendelea wiki nyingine kumi na mbili. Fundi alikwenda akiwa na hakika kwamba wataendelea, kwani mikono ilikuwa bado, na moyoni aliona afadhali. Atapata muda wa kurekebisha, sare zikishaisha.

Mizani Kumbakumba alipita. Alisimama kwa mguu mmoja sekunde kumi na mbili, ulimi nje, macho kwenye doa moja ukutani kama alivyofundishwa, na sekunde hizo zilikuwa za halali, jasho lake na la Shangazi Mpira na la mama yake. Mpira ulirushwa mara kumi, akadaka saba, na saba ndizo zilizotakiwa. Wazazi waliokaa kwenye benchi la pembeni walianza kunong'ona. Kisha mtaalamu akachukua saa yake ya kuhesabia sekunde.

"Sasa koti lako la kila siku. Livae, lifunge. Usiwe na haraka."

Fundi alikuwa amelisahau. Haki ya Mungu, alikuwa amelizoea kiasi kwamba alilisahau. Kumbakumba alilivaa, akashika pande mbili, na kabla hajaziachia alimtazama baba yake. Lilikuwa swali, kila mtu mwenye macho angeliona. Fundi aliinama akajifanya anatoa uzi kwenye suruali yake.

Mtoto akaelewa kwamba amejibiwa. Akainamisha kichwa, akabana vidole, akapita kifungo kwa kifungo, polepole, kama alivyofundishwa. Mlangoni mtoto mwingine aliangua kilio wakati huohuo, na mtaalamu akageuka kidogo kumtazama. Alipogeuka tena, koti lilikuwa limefungwa.

"Sekunde thelathini na moja," mtaalamu alisema. "Mtoto aliyekuwa hawezi kifungo kimoja!" Aliinua juu ile karatasi ya miraba. "Wazazi wenzangu, mnaona? Baba huyu hajaruka siku. Hata moja. Hiki ndicho ninachowaambia kila Jumamosi."

Wakapiga makofi. Baba mmoja alimpa Fundi mkono. Ilikuwa dakika ya kusema, na Fundi aliijua kuwa ndiyo yenyewe, lakini kusema habari ya koti kulikuwa ni kusema pia habari ya karatasi, na karatasi ilikuwa juu hewani, watu wanaishangilia. Nitamwambia pembeni, alijisemea, wakishatawanyika.

Ukutani palikuwa na alama za viganja vya watoto waliomaliza, kila mmoja kwa rangi aliyoipenda. Kumbakumba alichagua bluu. Hakukibandika kiganja chake pamoja na vya wenzake. Alikwenda kukiweka kando kabisa, chini ya swichi ya taa.

"Mbona huko?" mtaalamu aliuliza akicheka.

"Hapa pananitosha, Shangazi."

Njiani alitembea ameficha ule mkono wa bluu ndani ya mfuko wa koti. "Baba, Jumamosi ijayo tunakuja?"

"Umemaliza, mama. Umeshinda."

"Na kama sijamaliza?"

"Angalia magari," Fundi alisema, akamshika bega kumvusha barabara.

Alikula kiapo kwamba atarudi Jumatatu aseme. Jumatatu ikaja na sare arobaini. Wiki iliyofuata akasema sasa imeshapita wiki, itaonekana vibaya. Baada ya hapo kila siku iliyopita ilimpa sababu nyingine ya kungoja iliyofuata. Mama alipopewa habari njema alimkumbatia mtoto muda mrefu, akamshukuru mume wake mbele ya jirani, na Fundi akasimama pale akamwagiwa sifa zinazomchoma.

Kilichomuumiza zaidi kilikuwa Jumamosi. Kumbakumba aliamka mapema, akavaa raba zake, akafika mlangoni, akakumbuka. Akarudi akazivua. Alifanya hivyo Jumamosi tatu, ya nne hakuamka mapema tena. Miguu ile iliyokuwa imeanza kumtii ikaanza tena kugonga meza. Shuleni hakukubali kuvua koti hata jua likiwaka, mwenzake asije akalishika, akakaa darasani anatiririka jasho, na mwalimu akaandika barua nyingine kwamba mtoto hatulii na haeleweki.

Miezi miwili ikapita hivyo. Siku moja ya mapumziko mama alikuja chumba cha mbele kupiga pasi, kwa kuwa pasi nzuri ilikuwa huko. Fundi alikuwa anashona. Mama alilitandaza koti mezani, karibu na kopo la pini lililokuwa wazi, akalivuta kulinyoosha. Pini zikaruka. Zilitoka koponi zikaenda kunata kifuani mwa koti, kundi kwa kundi, kila kundi juu ya kifungo chake.

Cherehani ilinyamaza.

"Hili koti lina nini?" mama aliuliza.

Mama akachukua kijisu cha kufumulia, akafumua kifungo cha juu, na sumaku ikadondoka kiganjani mwake, ndogo, nyeusi, na pini mbili zikaifuata. Aliigeuza. Akalitazama tundu lililozibwa. Hakuwa fundi, lakini hakuhitaji kuwa.

"Tangu lini?"

"Kabla ya kipimo."

"Na ile karatasi?"

"Mke wangu..."

"Nimekuuliza karatasi."

"Nilikuwa naweka alama tu."

Alidhani atafokewa, na angeshukuru kufokewa. Mama alichomoa waya wa pasi kwanza, akaukunja vizuri, kama anavyokunja kila siku.

"Mwaka mmoja na miezi minne," alisema. "Kila Jumatatu nilikuwa naomba ruhusa kazini dakika tano, nasimama nje kwenye kelele, napiga simu ile ofisi kuuliza kama nafasi imepatikana. Walishaijua sauti yangu." Akaiweka sumaku juu ya cherehani, mbele ya mume wake. "Kesho nenda kaseme mwenyewe. Mimi nitaona haya."

Kesho yake Fundi alikwenda. Alimkuta mtaalamu ameketi kwenye godoro anapuliza mpira uliopungua upepo. Alimweleza yote akiwa amesimama, kofia mkononi: karatasi, kalamu mbili, sumaku, mpaka kule kutazama suruali. Mtaalamu alimsikiliza bila kumkatiza. Mpira ulikuwa ukivuja polepole mikononi mwake, naye hakuona.

"Nafasi yake niliitoa wiki ileile," alisema hatimaye. Alionyesha kwa kidevu. Juu ya benchi jembamba palikuwa na mtoto wa kiume mdogo, mikono ametanua, anahesabu hatua zake kwa sauti. "Siwezi kumshusha huyo."

"Hapana. Sikuja kwa hilo."

"Ulijia hilo," mtaalamu alisema, si kwa ubaya. "Unajua kinachoniuma? Habari ya binti yako nimewasimulia wazazi wengine. Yuko mama mmoja hapa, mtoto wake amefanya kila kitu, kila siku, kweli kweli, na vidole bado. Nilimwambia, mbona yule wa fundi aliweza? Akaondoka analia. Hajarudi." Akauweka mpira chini. "Na mimi nilipaswa kulishika lile koti. Mtoto haendi kutoka kifungo kimoja hadi vitano kwa sekunde thelathini. Nilitaka kuamini."

"Kosa ni langu, daktari."

Safari hii hakumsahihisha. Alikwenda mezani akafungua daftari, akageuza kurasa nyingi hadi mwisho, akaliandika jina la mtoto chini ya majina yote. Fundi alijaribu kuhesabu kwa macho majina yaliyo juu yake akaacha.

"Mwaka na nusu, labda zaidi. Mazoezi unayajua, yafanyeni nyumbani. Mshonee koti lenye vifungo vikubwa, bapa, na matundu mapana kidogo. Karatasi sikupi."

Kabla ya kutoka, Fundi alipita kwenye swichi ya taa. Kiganja cha bluu kilikuwa palepale. Kilikuwa kidogo kuliko alivyokumbuka.

Alilishona koti jipya kwa siku mbili, na katika siku hizo hakupokea kazi ya mtu. Vifungo alichagua vikubwa, vya mbao laini, matundu akayakata kwa kipimo alichokijaribu yeye mwenyewe akiwa amevaa glavu nene za pasi, ili ajue inakuwaje mtu akiwa na vidole visivyomtii. Alitumia dakika tisa kwa kifungo kimoja, akatukana mara mbili, kisha akavua glavu.

Asubuhi yake alifunga mlango wa barabarani na kuifunika cherehani kwa shuka. Kumbakumba alilishangaa lile shuka. Wakasukuma ukuta mara ishirini, wote wawili. Wakatembea kama dubu, na goti la Fundi likalia, mtoto akacheka. Alipita kwenye mstari wa chaki akakosea mara nne. Akarusha mfuko wa mchanga akihesabu kutoka ishirini kurudi nyuma, akapotea kwenye kumi na tatu, akaanza upya. Fundi alingoja. Kisha akaleta koti.

Mtoto alilipapasa upande wa ndani, akitafuta. "Lile lingine liko wapi?"

"Nimelifumua. Lilikuwa kosa langu, mama. Nilikosea sana. Nisamehe."

Kumbakumba alifikiri huku akizungusha mguu mmoja sakafuni. "Lakini siku ile nilifanya vizuri. Nilipitisha vidole polepole, kama ulivyonionyesha. Shangazi hakujua."

"Hakujua."

"Sikukuaibisha."

Fundi akamshikia koti alivae.

"Mimi sikukasirika," mtoto aliendelea, akivaa mkono mmoja wa koti, kisha wa pili. "Ulinishonea kwa sababu ulishajua siwezi. Hata mimi nilikuwa najua."

"Hapana," Fundi alisema. Alipiga magoti wakawa macho kwa macho. "Sikiliza. Wewe ulikuwa unaweza. Cha juu ulikifunga, nilikuona, nilipiga makofi. Aliyeshindwa ni mimi. Mimi ndiye nisiyeweza kungoja. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba," Kumbakumba alisema kwa upole, kama mteja anayeambiwa suti imemkaa vizuri na yeye anayaona mabega yake yalivyokaa. Hakuamini hata kidogo, na hakutaka kumuumiza kwa kumwambia.

Akaanza kifungo cha juu. Fundi aliketi sakafuni, akaikalia mikono yake yote miwili, viganja chini, uzito wote juu yake. Kifungo kiligusa tundu, kikateleza. Kikagusa tena. Kikaingia nusu, na Fundi akasahau kupumua, halafu kidole gumba kikachoka na kikatoka. Dakika nne. Dakika saba. Nje watoto walianza kupita kwenda shule, sauti zao zikipanda na kushuka nyuma ya mlango uliofungwa. Kumbakumba aliwasikiliza. Akakitazama kifungo, akautazama mlango, akamtazama baba yake.

Akashusha mikono. Akasogea mbele yake, akainua kidevu, akatanua viwiko, kifua mbele.

"Lete, lete," alisema, "tunachelewa."

Hakuwa anamkejeli. Yalikuwa ndiyo maneno ya asubuhi katika nyumba ile. Fundi alibaki amekalia mikono yake, machozi yakimshuka bila mkono wa kuyafuta, na mtoto akaendelea kusimama vilevile, kidevu juu, akimngoja kwa subira.